Neno "Uso" Katika Kipimajoto: Uhakiki wa Istilahi za Chombo cha Nyumbani

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache za Kiswahili zinazoambatana na chombo kidogo kilichoingia majumbani mwetu katika miaka ya karibuni, nacho ni kipimajoto cha mkononi kinachopima pasipo kugusa. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la istilahi lishughulike na kifaa kinachouzwa dukani pamoja na betri na tochi. Jibu letu ni kwamba istilahi haikai kamusini peke yake. Siku hizi hukaa pia katika vitufe, katika vioo vya vyombo, na katika vikaratasi vya maelezo vinavyokunjwa ndani ya maboksi. Huko ndiko mwananchi anakokutana nayo, mara nyingi akiwa na haraka, na pengine akiwa na mtoto mgonjwa mapajani.

Lililotusukuma kuandika ni jambo tulilolishuhudia Korogwe. Tulikuwa wageni katika nyumba moja, si mbali na kituo cha reli. Mtoto wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka mitatu, alikuwa ameamka amelegea, hataki uji. Mama yake alimgusa shingoni kwa kiganja, akasema mtoto anachemka. Kisha akaleta kipimajoto alichonunuliwa na ndugu yake, akakielekeza kwenye paji la uso la mtoto, akabonyeza. Kioo kikaonyesha nyuzi 35.9, na taa ya kijani ikawaka. Mama akashangaa. Kiganja kilisema moto, chombo kilisema baridi.

Tulikiomba chombo tukakitazama. Kilikuwa na namna mbili za kupima, na kikaratasi chake cha maelezo, kilichoandikwa kwa Kiswahili, kilizitaja namna hizo kwa maneno mawili: "mwili" na "uso". Chombo kilikuwa kimewekwa kwenye "uso". Tulipomwuliza mama kwa nini amechagua hivyo, alijibu, nasi hatukuwa na la kumpinga, kwamba anapima uso wa mtoto, na ndiyo sababu akachagua uso. Tulipogeuza kuwa "mwili" na kupima tena paji lile lile, kioo kilionyesha nyuzi 38.3. Mama hakusubiri maneno yetu zaidi. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga akaenda zahanati. Kipimo cha haraka cha damu kilionyesha malaria, akapewa dawa mseto.

Mama yule hakukosea Kiswahili. Aliyekosea ni mfasiri. Kosa hili tunaliona kubwa, kwa kuwa neno alilolitumia mfasiri ni istilahi halali kabisa mahali pengine.

Chombo na kazi yake

Ili tuweze kuyapima maneno, yafaa kwanza tuelewe chombo. Kila kitu chenye joto hutoa miale ambayo jicho haliioni, na kadiri kitu kinavyozidi kupata moto ndivyo miale hiyo inavyozidi. Jambo hili lilianza kufahamika mwaka 1800 huko Uingereza, William Herschel alipoutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo ukatoa rangi zake, akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya mstari, kupita rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, nacho kilipanda, tena kilipanda kuliko vile vilivyokuwa ndani ya rangi. Miale hiyo iliyo upande wa pili wa rangi nyekundu ndiyo tunayoiita infraredi.

Kipimajoto tunachokizungumzia hupokea miale hiyo kupitia lenzi ndogo iliyo mbele yake, kikaihesabu na kuonyesha namba. Hakigusi kitu, wala hakiingii ndani ya kitu. Kinachosomwa ni joto la ngozi ya nje ya kile kinachoelekezewa, iwe ni ngozi ya mtu, ubavu wa sufuria, utando wa maziwa, au bati la paa.

Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vya mafundi na vya jikoni, ambavyo huweza kupima kutoka nyuzi nyingi chini ya sifuri hadi zaidi ya 300, na kosa lake la kawaida ni kama nyuzi mbili hivi kupanda au kushuka. Aina ya pili ni vya mwili wa mtu, ambavyo hupima eneo dogo tu, takriban kutoka nyuzi 32 hadi 43, na kosa lake halipaswi kupita sehemu chache za uzi mmoja. Hivi vya pili hufanya jambo moja zaidi. Ngozi ya paji la mtu mzima wa afya huwa na nyuzi kama 33 hadi 35 tu, kwa sababu hupoozwa na hewa, ilhali ndani ya mwili mna nyuzi 37. Basi chombo husoma joto la ngozi, kisha huliongezea kiasi kilichowekwa na mtengenezaji ili kukisia joto la ndani. Vingi vya vyombo hivi vina namna mbili za kupima: moja yenye nyongeza hiyo, kwa ajili ya mtu, na nyingine isiyo na nyongeza, kwa ajili ya chupa ya maziwa, maji ya kuogea mtoto, au kitu kingine chochote. Namna hii ya pili ndiyo iliyoitwa "uso".

Jina la chombo

Chombo hiki kiliingia katika macho ya watu wengi mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mwaka huo mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Zilipofunguliwa tena, vidato vya sita na vyuo tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni, watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuona mtu amesimama mlangoni ameshika kitu chenye mpini na mtutu, akikielekeza kwenye vipaji vya wanaoingia. Wapo waliokiita themometa, wapo waliokiita kipimajoto, na kwa umbo lake wapo waliokiita bunduki.

Jina la "bunduki" tunalikataa, wala si kwa sababu ya adabu peke yake. Bunduki hutoa kitu kikaenda kwa anayelengwa, na chombo hiki kinapokea. Aliyekiita bunduki atasema mtoto "amepigwa", na aliyepigwa hana budi kuwa amepatwa na kitu. Jina linajenga hofu pasipo sababu.

"Themometa" halina kosa. Ni neno lililokwisha kutoholewa na kuzoeleka hospitalini, ingawa kwa wengi humaanisha kile kijiti cha kioo kiwekwacho kwapani. "Kipimajoto" ni bora zaidi kwa kuwa limeundwa kwa njia ambayo mwananchi anaiona: kipimapembe hupima pembe, kipimamvua hupima mvua, na kipimajoto hupima joto. Mtu asiyepata kuliona kamwe huweza kuambiwa jina akajua kazi.

Wapo wanataaluma watakaosema kwamba hata jina hili si sahihi, maana katika fizikia tumetofautisha joto na halijoto. Maji yanayochemka katika kikombe na maji yanayochemka katika pipa yana halijoto moja, lakini pipa lina joto jingi zaidi. Na kinachopimwa na chombo ni halijoto. Kwa hiyo, watasema, kingeitwa kipimahalijoto. Tunakubali tofauti hiyo na tunaitetea darasani. Hata hivyo hatuoni haja ya kuisukuma jikoni. Hakuna mpishi wala mzazi atakayedhurika kwa kuita kipimajoto chombo kinachopima halijoto, kwa kuwa katika matumizi yake maana hizo mbili hazigombani.

Hapa ndipo tunapotaka kuweka kipimo chetu cha uhakiki. Neno lenye maana mbili halina madhara hadi maana zote mbili zitakapokutana mahali pamoja, katika kazi moja. Tuchukue neno "nyuzi". Fundi cherehani ana nyuzi, na kipimajoto kina nyuzi. Lakini hakuna aliyewahi kusoma nyuzi 38 akatafuta sindano. Neno linaweza kubeba maana zote mbili kwa amani. Tutaona kwamba kwa neno "uso" sivyo.

Mionzi au miale?

Kikaratasi tulichokisoma Korogwe kilikiita chombo "kipimajoto cha mionzi". Tafsiri hii ina mantiki, kwa kuwa "mionzi" ni neno letu sanifu. Lakini yatupasa kuuliza mwananchi analisikia wapi neno hilo. Analisikia hospitalini, mahali pa kupigwa picha ya mifupa, penye mlango mzito na alama ya tahadhari. Analisikia katika habari za tiba ya saratani. Analisikia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inapotajwa, ambayo kazi yake ni kusimamia matumizi salama ya mionzi. Katika masikio ya watu, mionzi ni kitu chenye nguvu ya kutibu na ya kudhuru, ambacho hakichezewi.

Sasa mwambie mama akielekeze chombo "cha mionzi" kwenye paji la mtoto wake mchanga. Katika siku za korona uvumi ulizagaa katika nchi nyingi duniani kwamba vyombo hivi vinapeleka mionzi katika ubongo, na wapo waliotoa mkono wapimwe kiganjani badala ya kipaji, jambo lililoharibu vipimo, maana mtengenezaji aliweka hesabu yake kwa ngozi ya paji. Uvumi huo haukuzuliwa na Kiswahili, lakini jina la "mionzi" linaupa nyumba. Ukweli ni kinyume chake: mtoto ndiye anayetoa miale, na chombo ndicho kinachoipokea.

Tunapendekeza "kipimajoto cha miale". Neno "mwale" ni la siku nyingi, na kila mtu anaijua miale ya jua. Si neno la kutisha, wala si la uongo. Anayetaka usahihi zaidi darasani ataongeza "ya infraredi".

Liko jambo moja la kuangalia. Vile vya mafundi vina taa ya leza inayotoa nukta nyekundu ya kulengea. Hiyo kweli hutoka chomboni, na haifai kuelekezwa machoni. Kikaratasi chetu kiliita miale ya infraredi na taa ya leza kwa jina moja, "mwanga mwekundu", na hivyo kumfanya msomaji aamini kwamba nukta anayoiona ndiyo inayopima. Matokeo yake ni mawili: mtu huogopa kisichotisha, na hudhani anapima pale tu nukta ilipo. Chombo cha kawaida cha mafundi chenye uwiano wa 12 kwa 1, kikiwa mbali futi 12 na ukuta, hupima duara lenye upana wa futi moja nzima, na kuonyesha wastani wa vyote vilivyomo. Nukta ni ya kulengea tu. Tungependelea maelezo yaseme "nukta ya kulengea", basi.

Neno "uso"

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Katika hisabati na fizikia, "uso" ni istilahi iliyokubaliwa kwa sehemu ya nje ya kitu. Mwanafunzi hujifunza nyuso za mchemraba na uso wa dunia, na hakuna anayedhani kwamba mchemraba una macho na pua. Mfasiri wa kikaratasi, tunaamini, alifungua kamusi kwa nia njema, akakuta "uso", akaliandika. Ukimhukumu kwa kamusi, hana hatia.

Lakini chombo hiki huelekezwa wapi? Huelekezwa kwenye paji la uso. Maana mbili ambazo darasani hukaa mbalimbali, hapa zimekutanishwa juu ya ngozi moja. Tena, zimekutanishwa kwa namna inayompoteza msomaji makini kuliko msomaji mzembe. Asiyesoma kikaratasi huenda akaacha chombo kama kilivyotoka dukani, kikiwa kwenye "mwili", akapata namba ya kweli. Aliyesoma, akafikiri, akaona kwamba anapima uso na wala si kifua wala mguu, ndiye anayebonyeza kitufe cha makosa. Istilahi inayomwadhibu mtu kwa kuisoma kwa uangalifu haifai.

Na makosa hayo hayaji upande wowote tu. Namna ya "uso" haina nyongeza, kwa hiyo daima hushusha. Haiwezi kumtia mzazi hofu ya bure ikampeleka zahanati bila sababu. Humpa utulivu wa uongo. Mtoto mwenye nyuzi 38 au 39 ataonekana mwenye nyuzi 35 au 36, na taa itawaka kijani.

Msomaji wa Korogwe anajua vizuri zaidi kuliko sisi thamani ya nyuzi mbili. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Katika jaribio lile, ili homa ya mtoto ihesabiwe kuwa malaria katika kipimo chao kikuu, ilibidi pawe na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila maikrolita ya damu, pamoja na joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Hesabu ya watoto wa Korogwe ilisimama, pamoja na mengine, juu ya tofauti ndogo ya joto. Na tofauti hiyo ilikuwa na maana kwa sababu kila aliyeipima alijua anapima wapi na kwa namna gani.

Tunapendekeza basi kwamba katika chombo hiki neno "uso" liachwe, na mahali pake liwekwe "kitu". Vitufe viseme "mtu" na "kitu". Kiswahili kimejengwa juu ya tofauti hiyo; mtoto wa miaka mitatu haichanganyi katika usemi wake. Hatusemi kwamba "uso" lifutwe katika fizikia. Tunasema kwamba neno lililo sahihi katika somo moja laweza kuwa na madhara katika chombo kimoja, na kwamba mfasiri hana budi kuuliza si tu "neno hili maana yake nini?" bali pia "litasomwa wapi, likiwa limeelekezwa kwenye nini?"

Jikoni Handeni

Kutoka Korogwe tulikwenda Handeni, na huko Chanika, mjini, tulipata nafasi ya kulijaribu neno jingine katika jiko la nyumba ya mwenzetu. Chombo chake kilikuwa cha mafundi, na kilikuwa na mahali pa kurekebisha kipimo kimoja ambacho kikaratasi kilikiita "mng'ao", pamoja na namba 0.95.

Kipimo hicho, kwa maelezo mepesi, ni kiasi ambacho kitu kinatoa miale ukilinganisha na kitu kinachoitoa yote kinayoweza kuitoa. Ngozi ya mtu, maji, udongo, mbao na masizi hutoa karibu yote, yaani 0.95 hivi au zaidi. Alumini iliyosuguliwa ikang'aa hutoa kidogo sana, pengine sehemu moja kwa kumi. Kilichobaki inaakisi miale ya vitu vingine kama kioo. Yaani, kitu kinachong'aa ndicho chenye namba ndogo. Kukiita kipimo hiki "mng'ao" ni kusema kinyume cha kweli. Mwenye sufuria inayometameta ataongeza namba, ilhali alipaswa kuipunguza.

Tulichemsha maji katika sufuria mpya ya alumini iliyosuguliwa kwa mchanga. Maji yalikuwa yakitokota, karibu nyuzi 100. Tulipoelekeza chombo ubavuni mwa sufuria, hakikufika hata nusu ya hiyo. Tulipoelekeza kwenye sufuria nyingine iliyokuwa juu ya mafiga, nyeusi kwa masizi, namba ikakaribia ukweli. Chungu cha udongo kilisoma vizuri tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo hata kwa paa: bati jipya linalong'aa husomeka kana kwamba limepoa, na bati lenye kutu husema kweli, ingawa yote mawili yataunguza mkono.

Mwenye nyumba yule hakuwa na shida ya kuelewa jambo lenyewe. Alichokuwa nacho ni neno lililompeleka upande usio wake. Kwa hiyo tunapendekeza "kiwango cha kutoa miale". Ni maneno mengi kuliko moja, na wapenzi wa istilahi fupi hawatafurahi. Wakitaka kuunda neno moja baadaye, na waunde; lakini kwa sasa maneno manne ya kweli yanafaa kuliko neno moja la uongo.

Handeni kuna wafugaji, na maziwa huchemshwa nyumbani. Hapo napo chombo kina faida na kina hila. Maziwa yanayopashwa moto ili kuua vijidudu yanatakiwa kufika nyuzi 63 na kukaa hapo kwa nusu saa, au yachemke kabisa. Chombo husoma utando wa juu peke yake, nao hupoa au hupata moto tofauti na yaliyo chini. Sharti maziwa yakorogwe kwanza, kisha yapimwe mara moja, pasipo mvuke kuziba lenzi. Maelezo mazuri yangesema "koroga, kisha pima". Yale tuliyoyasoma yalisema tu kipimwe "kiowevu", neno la darasani ambalo mama muuza maziwa halitumii.

Hali kadhalika, maji ya kuogea mtoto yaliandikwa yawe na "joto la wastani". Kiswahili kina "vuguvugu", kina "fukuto" kwa hewa nzito ya joto, na kina "hari". Mfasiri aliye na vuguvugu kinywani mwake, akaandika joto la wastani, ameacha mali ya nyumbani akakopa kwa jirani.

Homa, joto na uzima

Neno la mwisho tunalolihakiki ni lile lililoandikwa mkabala na taa ya kijani: "mzima". Nyekundu iliandikwa "homa".

Chombo hakijui uzima wa mtu. Kinachojua ni joto la ngozi ya paji kwa dakika ile. Mtoto mwenye malaria huweza kupimwa saa ambayo homa imeshuka, maana homa ya malaria hupanda na kushuka. Mtoto aliyetokwa na jasho paji lake hupoa. Aliyetoka kucheza juani, paji lake hupanda ingawa haumwi. Na chombo chenyewe kimetengenezwa kufanya kazi katika hewa isiyopita nyuzi 35, au 40 kwa baadhi. Adhuhuri ya Korogwe, katika chumba chenye paa la bati lisilo na dari, mpaka huo wa kwanza unaweza kupitwa. Mtu anapaswa kukaa kivulini kwanza, afutwe jasho, ndipo apimwe, na chombo nacho kiwe kimekaa kivulini.

Kwa upande wa pili, neno "homa" katika lugha ya watu wetu ni pana kuliko joto. Mtu husema ana homa akiwa na viungo vinavyouma na baridi inayomtetemesha. Na lipo neno "degedege", ambalo wazazi wengi hulitumia kwa mtukutiko wa mtoto, na wapo wanaoliona kuwa ni ugonjwa wa peke yake usiohusiana na homa wala malaria, kwa hiyo hutafuta tiba kwingine. Mzazi wa aina hiyo akiona taa ya kijani imeandikwa "mzima", amepewa sababu nyingine ya kuchelewa. Kwa hiyo taa ya kijani iandikwe "joto la kawaida" na nyekundu "joto la juu". Na chini yake yaandikwe maneno haya: mtoto anayeonekana mgonjwa apelekwe zahanati hata kama joto ni la kawaida.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, chombo kiitwe kipimajoto cha miale. Majina ya "bunduki" na "kipimajoto cha mionzi" yaachwe. Pili, namna zake mbili ziitwe "mtu" na "kitu", na neno "uso" lisitumike kabisa katika vitufe na maelezo yake, isipokuwa katika "paji la uso". Tatu, kipimo kilichoitwa "mng'ao" kiitwe kiwango cha kutoa miale. Nne, taa zielezwe kwa joto na wala si kwa uzima wala kwa ugonjwa. Tano, waagizaji wa vyombo vya aina hii wapeleke maelezo yao yakahakikiwe na wajuzi wa lugha kabla ya kuyachapa, na wajuzi hao wakae na chombo mkononi, si na kamusi peke yake.

Tunafahamu kwamba yapo mengine tusiyoyagusa. Wasomaji wa Handeni, Korogwe na kwingineko walio na vyombo hivi wanaombwa wavitazame, wanakili maneno yaliyoandikwa, na watuletee pamoja na maneno wanayoyatumia wenyewe majumbani. Kwa wakati huu, mwenye chombo chenye "mwili" na "uso" tunamshauri achukue kalamu ya wino usiofutika, afute "uso" katika kikaratasi chake, na aandike juu yake "kitu".